Toa Kiraka, Gemu Ibaki kwa Wenyewe

Nikitangaza kwamba nimemaliza kutafsiri gemu fulani ya zamani kwa Kiswahili, ujumbe wa kwanza kuingia WhatsApp huwa uleule: "Kaka, nirushie ikiwa tayari, mimi nicheze tu." Jibu langu halijabadilika. Gemu sirushi. Narusha kiraka, yaani faili dogo lenye yale niliyoyabadilisha mimi. Gemu yenyewe kila mtu ataitoa kwenye kaseti yake.

Wengine huniona mchoyo. Lakini gemu ina wenyewe, hata kama haiuzwi tena dukani. Ukiipakia nzima mtandaoni, ikiwa na maneno yako machache pamoja na picha, muziki na kazi yote ya watu, umesambaza mali ya watu, na uzuri wa tafsiri yako hautakutetea. Kiraka ni kama ile karatasi ya masahihisho inayochomekwa ndani ya kitabu: nenda mahali fulani, futa hili, andika lile. Asiye na kitabu, karatasi hiyo haimfai kitu.

Mfumo wa kiraka uliozoeleka tangu zamani ni IPS. Ukilifungua faili la IPS kwenye programu ya kuonyesha baiti, yaani vipande vidogo vinavyounda faili, utakuta linaanza na herufi PATCH na kuishia na EOF. Katikati kuna mafungu mafupi mafupi: baiti 3 za kutaja mahali, 2 za kutaja urefu, kisha data mpya. Kwa kuwa mahali panatajwa kwa baiti 3 tu, IPS haivuki megabaiti 16. Kwa gemu za mashine ya zamani ya Super Nintendo inatosha na kubaki. Za Game Boy Advance, mashine ya mkononi, ziko zilizofika megabaiti 32, na ndiyo maana tafsiri ya Kiingereza ya Mother 3, iliyotolewa na mashabiki mwaka 2008, ilikuja kwa mfumo mwingine uitwao UPS.

Sasa hapa kaza macho, maana wengi huamini kiraka ni salama kwa vile tu kinaitwa kiraka.

IPS hulinganisha faili mbili, la asili na ulilobadilisha, kijinga: baiti ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Kiswahili nacho ni kirefu. Penye "Yes" unataka "Ndiyo", herufi 2 zaidi. Ukizichomeka na kila kilicho mbele yake kikasogea, kuanzia hapo karibu hakuna baiti inayokutana na mwenzake. Programu inaona yote ni mapya, na inayabeba yote. Kuna kijana aliniletea kiraka chake nikipitie. Alichobadilisha ni menyu na mazungumzo machache ya mwanzo, lakini kiraka kilikuwa kizito karibu sawa na gemu. Tukakifungua. Mazungumzo ya Kiingereza ambayo hakuyagusa kabisa yalikuwa mle ndani, sentensi baada ya sentensi. Kumbe alikuwa anagawa gemu bila kujua.

Kwa hiyo kabla ya kupakia chochote, tazama ukubwa. Tafsiri ya maneno matupu ikizaa kiraka cha megabaiti kadhaa, kuna kitu kimesogea. Kifungue, pitisha macho, tafuta maneno ambayo si yako.

Dawa ni BPS. Huu ni mfumo uliokuja baadaye, wenye amri ya kusema "hiki kinakili kutoka kwenye faili la asili, kilikuwa pale." Data iliyohama inaelekezwa tu, haibebwi. Mimi hutumia Flips, programu ndogo ya bure. Wakati wa kutengeneza chagua BPS ya aina ya "delta". Ile ya "linear" haitafuti vilivyohama. Kwa mafaili makubwa ya diski tumia xdelta, kazi ya Joshua MacDonald. Ila hakuna programu itakayokuokoa kama data imebanwa, yaani imepunguzwa ukubwa. Ukifungua kifurushi kilichobanwa, ukabadilisha neno moja, ukakibana upya, baiti nyingi hugeuka na kiraka kinavimba. Hapo linganisha mafaili yakiwa yamefunguliwa, halafu umpe mtumiaji hatua za kuyafungua na kuyabana mwenyewe.

BPS ina faida nyingine iliyonipunguzia kelele. Mwishoni mwake kuna baiti 12: namba tatu za CRC32, yaani namba ya kuhakikisha kwamba faili ni lilelile: moja ya faili la asili, moja ya litakalotokea, na moja ya kiraka chenyewe. Mtu akileta toleo la gemu lisilolingana na kiraka, programu inakataa palepale. IPS haiulizi, inabandika popote, kisha unaletewa picha ya skrini iliyojaa takataka ukiulizwa tafsiri gani hii.

Kuhusu sheria, nisikudanganye kwamba kiraka ni kinga kamili. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ya Kenya ya 2001 zote zinahesabu kutafsiri kuwa ni haki ya mwenye kazi. Marekani kuna kesi mbili ninazopenda kuwaonyesha vijana. Mwaka 1992 Nintendo ilishindwa kuizuia Game Genie, kifaa kilichobadilisha mwenendo wa gemu wakati inachezwa bila kuacha nakala yoyote. Lakini mwaka 1998, katika kesi ya Micro Star na FormGen, upande wa wenye gemu, mahakama ya rufaa iliona kwamba mafaili ya hatua mpya za Duke Nukem 3D, yasiyo na hata picha moja ya gemu ya asili, bado yalikuwa kazi iliyotokana na ile ya mwenyewe, inayohitaji ruhusa yake. Micro Star ilikuwa imezikusanya hatua zilizotengenezwa na wachezaji na kuziuza kwenye diski. Mimi nimechukua funzo la kuuza: sichukui hata shilingi, na mwenye mali akisema niondoe, naondoa siku hiyohiyo. Kama gemu ina leseni huria inayoruhusu kubadilisha na kusambaza, achana na viraka, fuata masharti ya leseni na utoe nzima.

Kwenye kifurushi changu naweka kiraka na faili moja la maelezo: jina na toleo la gemu inayohitajika, ukubwa wake kwa baiti, na CRC32 yake. Kiungo cha kupakulia gemu siweki, wala sijibu anayekiomba. Programu ya kubandika ya .exe nayo siweki, watu wanaogopa virusi na wana haki. Wasiotaka kusakinisha kitu nawaelekeza Rom Patcher JS ya Marc Robledo, inayofanya kazi ndani ya kivinjari bila faili kuondoka kwenye kompyuta yao.

Akija anayelalamika kwamba kiraka kimekataa, muulize kwanza ukubwa wa faili lake. Kwa Super Nintendo, likizidi kwa baiti 512 kamili, hicho ni kichwa, yaani baiti za ziada za mwanzoni, kilichoongezwa na vifaa vya zamani vya kunakili kaseti. Akikiondoa, namba zitalingana na kiraka kitakubali.