Fundi Anajibu: Ubao mama kwa mwenye fedha chache

*Shikamoo Fundi. Nataka kuunda kompyuta ya kusomea, kuandika na kuhariri picha kidogo. Meza yangu ni finyu na fedha ni za kuhesabu. Nimeupenda ubao mama (motherboard) wa Mini-ITX kwa udogo wake, ila rafiki yangu anasisitiza Micro-ATX. Prosesa bado sijanunua. Nimsikilize nani?*
*– Mwanafunzi wa mwaka wa pili*

Marahaba, mwanangu. Msikilize rafiki yako.

Mini-ITX ni mraba wa milimita 170 kwa 170. Kampuni ya VIA iliutoa mwaka 2001, nami naupenda sana, lakini udogo wake unalipiwa. Kubana vifaa vyote kwenye eneo dogo hivyo kunapandisha bei, na makasha yake madogo mengi yanadai pawasaplai ndogo ya aina ya SFX, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko ile ya kawaida ya ATX yenye nguvu ileile. Mwisho wa yote unabaki na sloti mbili za RAM na moja tu ya kadi. Micro-ATX inafika milimita 244 kwa 244, na nyingi za bei nafuu ni nyembamba kuliko hapo. Ipe kasha fupi, itakaa mezani vizuri tu. Fedha itakayobaki ipeleke kwenye RAM na SSD, maana huko ndiko utakakouona wepesi wa mashine kila siku.

Ila usinunue ubao kabla hujaamua prosesa, kwa sababu ni lazima viwe vya soketi moja, yaani kiti cha prosesa kwenye ubao. Kwa kazi zako, tafuta prosesa yenye grafiki ndani yake, yaani sehemu inayotoa picha kwenye skrini. Hapa wengi wanaumia na inanisikitisha kila mara: mtu anaona tundu la HDMI nyuma ya ubao, anadhani picha itatoka. Prosesa isipokuwa na grafiki, tundu lile halitoi kitu. Kwa AMD, Ryzen 5 5600G inayo, Ryzen 5 5600 haina. Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama Core i3-12100F, inakuambia haina.

Mimi ningekuchagulia soketi ya AM4 ya AMD na hiyo 5600G. AM4 ilianza mwaka 2016, inatumia RAM ya aina ya DDR4, na mbao zake zilizotumika ni nyingi. AM5, soketi iliyoifuata mwaka 2022, inakubali RAM ya DDR5 peke yake. LGA1700 ya Intel inataka umakini: kuna mbao zake za DDR4 na nyingine za DDR5, na RAM ya aina moja haiingii kwenye sloti ya nyingine. Soma jina la ubao mpaka mwisho kabla ya kulipa.

Kwa AM4, ubao wenye chipseti (chipu inayosimamia matundu na sloti za ubao) ya A520 unakutosha. Wakikushawishi upande chipseti ya B550 kwa ajili ya PCIe 4.0, njia ya data ya kasi zaidi kwa kadi na SSD, kataa, kwa sababu 5600G yenyewe inaishia PCIe 3.0. Panda tu kama unahitaji sloti ya pili ya M.2 (ya kuchomekea SSD) na tofauti ya bei ni ndogo. Ukipata ubao wa B450, chipseti ya zamani zaidi, uliza una toleo gani la BIOS, programu inayouwasha ubao. Uliotoka kiwandani kabla ya Ryzen 5000 unaweza usiitambue prosesa yako mpaka BIOS isasishwe, na hapo huenda ukahitaji kuazima prosesa ya zamani ili uwashe.

RAM nunua vijiti viwili vya GB 8, usinunue kimoja cha GB 16. Grafiki ya ndani ya prosesa inatumia RAM hiyohiyo, na vijiti viwili vinaipa njia mbili za kupitishia data.

Kama ubao umetumika, kagua soketi kwa tochi. Kwenye soketi za LGA, kama LGA1700, pini ziko kwenye ubao: mulika kwa pembeni, utaona safu za nukta zinazong'aa zimenyooka, na iliyopinda itajionyesha kwa kutoka nje ya mstari. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa, kwa hiyo igeuze uikague yenyewe.

*Salaam Fundi. Nimefunga Micro-ATX kwenye kasha kubwa la ATX. Nikibonyeza, feni zinazunguka kidogo, kisha kimya. Ubao umekufa?*

Usiutupe bado. Fungua ubao uangalie zile nguzo ndogo za chuma zinazoushikilia. Nguzo yoyote iliyo chini ya ubao bila tundu la skrubu juu yake ing'oe, maana ikigusa mgongo wa ubao inapiga shoti na pawasaplai inajizima. Angalia pia waya wa umeme wa prosesa, wa pini 4 au 8 karibu na soketi. Ule wa pini 24 peke yake hautoshi. Kisha washa ubao ukiwa nje, juu ya boksi lake la kadibodi, na prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha RAM. Ukiwaka hapo, tatizo liko kwenye kasha.