Nimeambiwa nina melanoma, na vipimo bado

SWALI: Assalaam aleykum, Daktari. Mimi ni mama wa miaka 52, nauza mitumba katika soko la Mgandini. Nilikuwa na doa jeusi kisiginoni ambalo nililidhania ni alama ya mwiba, hadi lilipoanza kutoa majimaji. Hospitalini wakakata kinyama wakakipima, na majibu yamesema ni melanoma, aina ya saratani ya ngozi. Sasa nasubiri kwenda Dar es Salaam kwa picha ya CT ya kuona ndani ya mwili na kipimo cha tezi. Usiku silali, kila nikigeuka najipapasa kinena. Dada yangu ananisihi nikatae upasuaji kwa kuwa saratani ikiguswa na kisu husambaa, na mwanangu anasema ndiyo iliyomuua Bob Marley. Nifanyeje?
Mama wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Waaleykum salaam, dada yangu, na pole sana. Majibu uliyopewa yamekutajia aina ya ugonjwa, lakini hayajasema umefika wapi, na ndiyo maana unapelekwa kwenye vipimo vingine. Wagonjwa wengi hudhani kwamba daktari akiandika CT ameshaona jambo baya analolificha. Sivyo. Melanoma ikishafikia kina fulani, vipimo hivi huagizwa hata kwa mgonjwa ambaye hana dalili yoyote ya kusambaa.

Kina hicho hupimwa kwa milimita na huandikwa kwenye karatasi ya patholojia, yaani majibu ya kile kinyama kilichopimwa, kwa hiyo mwombe daktari wako akusomee. Ugonjwa usiozidi milimita 1 una matumaini makubwa kuliko uliopita milimita 4. Tezi za kinena huchunguzwa kwa sababu saratani ya mguuni ikihama, mara nyingi hupitia huko kwanza. Hata hivyo, kidonda chochote cha mguu huweza kuvimbisha mitoki, na wewe una kidonda kipya cha pale ulipokatwa, kwa hiyo vidole vyako havitakupa jibu hata ukijipapasa usiku kucha. Jizuie, dada yangu, na ukihisi uvimbe unaokua mwonyeshe daktari mchana.

Dada yako anakupenda, lakini katika hili amekosea. Kisu hakisambazi melanoma. Kuichelewesha ndiko kunakoipa nafasi, na tiba yake kuu ni kuikata pamoja na ngozi yenye afya inayoizunguka, kwa kawaida sentimita 1 hadi 2. Usikichome kidonda wala usikipake dawa ya kienyeji.

Kuhusu Bob Marley, mwanao amesema kweli: melanoma yake iligunduliwa mwaka 1977 chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu, akakataa kidole kisikatwe, na akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Wakati huo dawa za kisasa za kuamsha kinga ya mwili dhidi ya ugonjwa huu hazikuwapo. Mojawapo ya hizo za kisasa iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Bado ni ghali mno, jambo linaloniuma, lakini melanoma inayokatwa mapema huenda isizihitaji kabisa. Wala usijilaumu kwa jua au kandambili, kwani kwa sisi weusi ugonjwa huu hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki sana.

Kabla ya safari, uliza maabara kama kile kinyama kilichogandishwa kwenye nta kinaweza kupelekwa Dar es Salaam pamoja nawe, maana madaktari wa huko huenda wakataka kukitazama upya. Nenda na mtu mtulivu atakayeandika yanayosemwa, kwa kuwa mwenye hofu husikia nusu. Mtu huyo huyo mweleze yote sasa, ili usiku usiwe peke yako na jambo hili. Wengine watajua majibu yakitoka. Usingizi ukikosekana kwa wiki nzima, mwambie daktari, kwani hilo nalo hutibiwa.

Tarehe ya miadi ikipita bila kuitwa, rudi kwa daktari aliyekuandikia rufaa siku inayofuata na umwombe aulizie mbele yako.