Maswali ya Wasomaji: Relei ya Helikopta

SWALI: Helikopta imetua hapa Tabora. Fundi anakataa isiruke mpaka relei ya jenereta (swichi inayoendeshwa na umeme, inayounga na kukata jenereta) ibadilishwe, na injini inawaka vizuri. Ni lazima? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ni lazima, iwapo agizo la usalama la mamlaka ya anga limetaja namba ya kipuri hicho. Waraka wa kiwanda kilichoitengeneza, peke yake, mara nyingi ni ushauri. Agizo ni sheria. Injini kuwaka si kipimo. Ncha za relei zikiungua hupata joto, huweza kugandana, na rubani akizima jenereta haikatiki.

Fundi alinganishe namba na kitabu cha kumbukumbu, achomoe betri kwanza, aweke alama kila waya. Nati akaze kwa spana ya kipimo, inayoonyesha nguvu ya kukaza: nati ikilegea, hata relei mpya itaungua. Relei ya zamani ipewe lebo nyekundu ya kuonyesha haifai, isirudi stoo kimyakimya. Fundi mwenye leseni ndiye asaini kazi hiyo.