Mpenzi wangu hasomi vitabu, nifanyeje?

Dada, pole kwa yanayokukereketa moyo. Umeuliza kama uachane na mwenzio kwa kuwa tangu muanze, mwaka na nusu sasa, hajamaliza hata kitabu kimoja, na wewe hupati usingizi bila kusoma kurasa mbili tatu.

Mimi nisingemwacha mtu kwa hilo. Kwanza jiulize: hasomi tu, au hakuheshimu unaposoma? Ni mambo mawili tofauti kabisa. Anayekupokonya kitabu mkononi na kukuambia unapoteza muda, huyo mzungumze naye mapema. Lakini anayepunguza sauti ya televisheni, kisha akakuuliza, "Enhe, yule mama alimpata mwanawe?" huyo yumo nawe ndani ya hadithi, ingawa hajafungua ukurasa.

Mwulize pia kwa upole kwa nini hasomi. Wapo wenye disleksia, herufi zimewasumbua tangu utotoni, wakachekwa shuleni na kuitwa wavivu. Mtu wa hivyo ukimzawadia riwaya nene unamtonesha kidonda. Jaribu kumsomea kwa sauti, sura moja moja, au msikilize pamoja kitabu kilichorekodiwa mkiwa safarini. Akichoka, mwache, usimgeuze mwanafunzi wako.

Nawe mpe zamu yake. Akikuita kutazama mechi, keti naye, umwulize maswali kama unavyotamani akuulize. Ile hamu ya kuchambua kitabu hadi usiku wa manane mpelekee rafiki anayesoma, na umwambie mwenzio wazi kwamba ndiko unakoipeleka.