Usiilaumu praima kwanza

Wewe uliyeingia maabara juzi ukapewa kazi ya kupima HLA-DR (protini ya juu ya seli inayowaonyesha seli T vipande vya vijidudu), hebu nikueleze kilichonila wiki tatu nzima nilipoanza hapa Nairobi.

Nilikuza seli za dendritiki, walinzi wa kinga wanaobeba vipande hivyo, kutokana na monosaiti (aina ya seli nyeupe za damu), siku 6 kwa vichocheo GM-CSF na IL-4, kisha nikazitia LPS, kipande cha ukuta wa bakteria, zikomae. Kesho yake mashine ya leza ikaonyesha HLA-DR tele kwenye utando wa seli. Kupima RNA ya CIITA, swichi ya jeni za HLA-DR, karibu hamna kitu. Nikaagiza praima mpya (vipande vya DNA vya kuitafutia RNA hiyo), hamna. Nikatupa RNA nzuri kabisa, lawama zote nikazitupia stima iliyopotea wikendi.

Fundi wetu, mama asiye na maneno mengi, akaniuliza, "Mama chapati wa Kenyatta Market akishazima jiko, wewe hulali njaa, sivyo? Hotpoti si imejaa?"

Basi. Jiko ni CIITA, hotpoti ni utando. CIITA ndiyo inayowasha jeni za HLA za daraja la pili, HLA-DR ikiwemo, ingawa yenyewe haishiki DNA. Hutua juu ya RFX na protini wenzake, ambazo ndizo zinazoishika DNA. Seli ya dendritiki ikikomaa huizima, na papo hapo MARCH1, protini inayotia HLA-DR alama ya kuharibiwa, hupungua, kwa hiyo molekuli zilizo juu hazivutwi ndani kuharibiwa. Antijeni, yaani kipande cha kijidudu, iliyookotwa kwenye kidonda inabaki imeshikwa mpaka seli ifike kwenye tezi ya limfu ikutane na seli T. Chapati mpya za nini?

Kwa hiyo uliza: seli gani, saa ngapi? CIITA ina promota (sehemu za DNA za kuiwashia) kadhaa: I hutumika hasa na dendritiki, III na seli B, IV huitikia interferoni gama, ujumbe wa kinga. Fibroblasti, seli ya tishu unganishi ambayo kwa kawaida haina HLA-DR, ukiitia interferoni gama RNA ya CIITA hupanda ndani ya saa chache, lakini utando usiutazamie kabla ya kesho au kesho kutwa. Nimeona watu wakipima baada ya saa 4 na kuandika "imekataa".

Mnaochunguza kifua kikuu (nanyi mko wengi mji huu), jihadharini zaidi. Bakteria yenyewe, kupitia TLR2, kipokezi cha kuitambua bakteria, hudhoofisha mwitikio wa CIITA kwa interferoni gama ndani ya makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Hapo utando mtupu ni jiko lililozimwa kweli. Weka kando seli zisizoambukizwa za kulinganisha, gawa kila kisima cha sahani ya seli mara mbili, nusu ya RNA na nusu ya utando, na daftarini andika saa, si tarehe tu.