Cheti cha ndoa hakiambatishwi kwa babu: maswali na majibu ya nasaba

Maswali ya safari hii yametoka Tanga mjini, Pangani, Muheza na Bagamoyo, na karibu yote yana ugonjwa mmoja: picha ipo kwenye programu, imebandikwa kwa mtu, na hakuna ajuaye imetoka wapi. Majibu yanafuata Gramps, programu ya kompyuta ya kutunza nasaba, kwa kuwa ni ya bure. Mwenye RootsMagic au nyingine atakuta menyu tofauti, kazi ile ile.

Shikamoo mwalimu. Nimeskani cheti cha ndoa cha babu na bibi. Nikiambatishe kwa babu au kwa bibi? (Ngamiani, Tanga)

Marahaba mwanangu. Usikiambatishe kwa yeyote kati yao. Kiambatishe kwenye rejea, yaani rekodi inayoonyesha habari fulani imetoka kwenye chanzo gani. Fungua familia yao, kisha tukio la ndoa, ingia kwenye kichupo cha rejea, ongeza mpya. Chanzo ni cheti chenyewe. Kwenye rejea andika namba yake na tarehe kilipotolewa. Kwenye hifadhi andika kinakokaa, hata kama ni kabatini kwa shangazi yako. Ukiwa bado ndani ya rejea hiyo, fungua kichupo kilichoandikwa Gallery uweke picha mbili, ya mbele na ya nyuma. Nyuma ndiko kwenye mihuri na maneno yaliyoongezwa kwa kalamu baadaye.

Sasa isome ile karatasi. Cheti cha ndoa ya Kiislamu kinaweza kukupa bwana harusi na baba yake, bibi harusi na baba yake, walii (anayemwozesha bibi harusi), mashahidi, mahari, mahali na aliyefungisha ndoa. Watu wengi hunakili majina mawili wakafunga kompyuta. Walii peke yake anaweza kukufungulia tawi zima: akiwa ni kaka au ami wa bibi harusi, kuna uwezekano kwamba baba alikuwa ameshafariki au yuko mbali, na hapo unajua pa kutafuta. Kila habari unayoingiza ipe rejea ile ile, kwa kuichagua kwenye orodha. Ukitengeneza rejea nane za cheti kimoja, siku ukigundua namba umeikosea utasahihisha mara nane, na mbili utazisahau.

Picha zangu zote zimepotea! Nilihamishia kila kitu kwenye flashi, nikafungua kwenye kompyuta ya steshenari, hakuna hata moja inayoonekana. (Pangani)

Hazijapotea. Swali hili linarudi kuliko yote na jibu halijabadilika: programu haihifadhi picha, inahifadhi anwani ya mahali picha ilipo. Ulipoambatisha, picha zilikuwa C: ndani ya folda yenye jina lako. Sasa ziko kwenye flashi inayosomeka E: kwenye kompyuta hii na F: kwenye ile.

Tengeneza folda moja tu ya picha za ukoo, na kwenye mipangilio ya Gramps iweke kuwa folda ya msingi ya media. Chukua bakapu. Kisha nenda kwenye menyu ya zana, fungua Media Manager, ugeuze anwani ndefu ziwe fupi, zinazoanzia kwenye folda hiyo. Tangu hapo ukihama kompyuta unabadilisha mstari mmoja. Ukitaka kubeba vyote pamoja, toa kifurushi cha .gpkg, ambacho kinabeba data na picha zake. Anayehama kutoka Windows kwenda Linux ajue kwamba huko Cheti.JPG na cheti.jpg ni mafaili mawili, kwa hiyo andika kwa herufi ndogo kuanzia leo. Na faili likishaambatishwa, usilibadilishe jina wala kulihamisha kimyakimya nje ya programu.

GEDCOM inabeba picha? (Muheza)

GEDCOM ni muundo wa faili la kuhamishia nasaba kutoka programu moja kwenda nyingine. Ile ya 5.5.1, ambayo programu nyingi bado zinaitumia, haibebi. Inataja anwani tu. Toleo la 7.0 la mwaka 2021 lina kifurushi cha GEDZIP chenye picha ndani, ila hakikisha kwanza programu ya unayemtumia inakisoma.

Ndugu yangu alinitumia kwa WhatsApp picha ya daftari la ubatizo la Bagamoyo. Nimeandika chanzo “WhatsApp ya kaka”. Inatosha? (Bagamoyo)

Haitoshi hata kidogo. Chanzo ni daftari. Misheni ya Bagamoyo ilianza 1868, na kanisa lenye umri huo haliwi na daftari moja. “Daftari la ubatizo” bila jina la kitabu, miaka yake, ukurasa na namba ya mstari ni sawa na kumwelekeza mgeni kwamba nyumba yako iko Bagamoyo. Mwombe kaka arudi, kwa ruhusa ya parokia, apige picha nne: jalada, vichwa vya safu, ukurasa mzima, kisha mstari wenyewe kwa karibu. Jina la kaka na siku aliyopiga picha viingie kwenye maelezo ya rejea.

Atume kama hati, siyo kama picha. WhatsApp ikituma kama picha huibana, ikafuta na taarifa za kamera zilizomo ndani yake. Lile jina la IMG-20240312-WA0007 linaonyesha siku picha ilipopita WhatsApp, haliihusu siku ilipopigwa, na kuna watu wameshaiingiza kama tarehe ya tukio! Maandishi yakiwa ya Kilatini au Kijerumani, yanakili yalivyo kwanza, tafsiri ikae chini yake. Safu ya baba ikiwa tupu, iache tupu. Bagamoyo ilipokea watoto waliokombolewa utumwani, na kumjazia mmoja wao baba kwa kukisia ni kumdhulumu mara ya pili.

Mafaili nayaita babu1, babu2, babu3. Kuna ubaya? (Chumbageni, Tanga)

Upo mkubwa. Babu wa nani? Mjukuu wako akifungua folda hiyo, babu ni wewe. Anza na mwaka, aina ya hati, mahali, upande: 1957-08_ndoa_pangani_mbele.tif. Ukianza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe. Usitumie mkwaju wala nukta pacha, Windows inavikataa. Majina ya watu kumi na wawili kwenye picha ya harusi yakae ndani ya programu, ambako unaweza kumwekea kila mmoja kipande chake cha picha.

Niskani kwa dpi ngapi? (Raskazone, Tanga)

Hati 300, picha ndogo za pasipoti 600. A4 ya rangi kwa 300 katika TIFF ni takriban MB 25. Hiyo ndiyo ya kuhifadhi, na JPEG itolewe humo kwa ajili ya programu. Cheti cha zamani usikipige lamineshoni. Joto linakiharibu na plastiki haitoki tena. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu kwa unyevu wa pwani usiibandue, iskani hapo hapo ilipo.

Cheti cha kuzaliwa cha mama kutoka RITA kinasema 1948, kitabu cha ubatizo 1945. Nifute kipi? (Muheza)

Usifute. Rejea zote mbili zibaki kwenye tukio la kuzaliwa, kila moja na picha yake na kiwango chake cha uhakika. Angalia tarehe cheti kilipotolewa: kama aliandikishwa utu uzima, mwaka huo ulitokana na maelezo, wakati ubatizo wa mtoto mchanga uliandikwa siku za karibu na kuzaliwa kwake.

Kaburi limeandikwa mwaka 1377. Nimetoa picha lakini maandishi hayasomeki. (Bagamoyo)

Rudi asubuhi mapema au alasiri, jua likiwa limelala, upige picha kutoka ubavuni. Usipake chaki wala chokaa, na usisugue kwa brashi ya waya. Mwaka 1377 wa Hijria ni kuanzia Julai 1957 hadi Julai 1958, hivyo bila mwezi usiandike 1957 peke yake. Gramps ina kalenda ya Kiislamu: ingiza tarehe kama ilivyo kaburini.

Naweza kuambatisha kitambulisho cha NIDA cha kaka yangu aliye hai? (Tanga)

Akikubali, kwako nyumbani. Bonyeza alama ya kufuli kwenye picha na kwenye rejea yake, na kila unapotoa faili la kuwagawia ndugu chagua kutoziingiza rekodi za siri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na namba ya mtu ikishazunguka kwenye magrupu hairudi.