Kikomo cha mbio tatu kwa kila mwogeleaji: shida iko kwenye hesabu

Mtoa mada, umeuliza kama ni haki waandaaji wa mashindano ya kuogelea ya watu wazima kukubana kwenye mbio tatu, kufunga orodha ya mita 400 ilipofika watu 12, na bado kukutoza ada ileile. Jamaa aliyekujibu hapo juu anasema aliyelipa aachwe aogelee anachotaka. Huyo sikubaliani naye hata kidogo, na wewe nakubaliana nawe nusu. Kikomo chenyewe si uonevu. Uonevu uko kwenye namna kinavyohesabiwa.

Nimeogelea kwenye mashindano haya, na nimekaa pia upande wa pili wa meza nikipanga ratiba na kushika stopuwochi. Kwa hiyo nianze na hesabu. Chukua bwawa la mita 25 lenye leni sita. Watu 30 wakijiandikisha mita 50 mtindo huru, ni makundi matano. Kila kundi, ukijumlisha kuita majina, filimbi, kuogelea na kutoka majini, halizidi dakika tatu. Robo saa, kazi imekwisha. Sasa walewale 30 wapeleke kwenye mita 400. Vijana waliotoka timu za shule watamaliza kwa dakika tano na ushei, lakini wengi wetu tuliojifunza ukubwani ni dakika nane, kumi, na wapo wa kumi na mbili. Kundi haliondoki mpaka wa mwisho aguse ukuta. Makundi matano hapo yanakula karibu saa nzima. Watu ni walewale, ila muda wa bwawa umekuwa karibu mara nne.

Na bwawa tunaliazima tu kutoka hotelini. Huku kwenye ikweta jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, Januari hadi Desemba, na bila taa za maana huwezi kupima muda gizani. Hoteli nayo inataka bwawa lirudi kwa wageni wake. Kisha kuna mvua ya Kampala. Radi ikianza kila mtu anatoka majini, na kanuni inayofuatwa mahali pengi ni kungoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Anayepanga siku ikajaa pomoni bila kuiachia mvua nafasi, huyo hajapanga kitu.

Niliwahi kushiriki mashindano yasiyo na kikomo chochote. Watu walijaza fomu kama wanaopakua bufee ya harusi. Unajua kilichokatwa jioni? Mbio za kupokezana, maana ndizo huwekwa mwisho. Sasa akina mama wa kundi letu la alfajiri, ambao mbio binafsi huingia moja tu tena kwa shingo upande, walikuja kwa ajili ya hizohizo za kupokezana. Walilipa, wakashinda juani, wakarudi nyumbani na kofia kavu. Kuna kijana siku hiyo aliogelea tangu asubuhi mpaka akachoka kupanda kwenye jukwaa la kurukia. Kwa hiyo nikisikia "kila mtu aogelee anachotaka" huwa nauliza ni nani atakayekosa, kwa sababu akina mama wale hawakulalamika popote.

Hata ngazi za juu kuna vikomo. Mashindano ya dunia ya mastazi, yaani waogeleaji watu wazima, yana vyake, na yana muda wa kufuzu pia. Kwenye Olimpiki, tangu 1984 nchi haipeleki zaidi ya waogeleaji wawili kwenye mbio moja binafsi. Mmarekani wa tatu kwa kasi nchini kwake anatazama kwenye televisheni hata kama angeweza kufika fainali. Ni kali, lakini upande wa pili kuna nafasi maalumu kwa nchi zisizo na waogeleaji waliofikia muda. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alipita mlango huo Sydney mwaka 2000. Aliogelea mita 100 mtindo huru kwa 1:52.72, peke yake bwawani, baada ya wenzake wawili wa kundi lake kuondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Mazoezi alikuwa amefanyia kwenye bwawa la hoteli. Sisi wa mabwawa ya hoteli tusijifanye hatumwelewi.

Ndiyo maana muda wa kufuzu kwenye mashindano ya kwetu naupinga kabisa. Dunia inaweza kuchuja kwa sababu wanaotaka kwenda ni maelfu. Sisi tunahangaika kuwashawishi watu wenye miaka 45 wavue fulana mbele ya watu, halafu tuwaambie hawana kasi?

Ninachopendelea ni kugawa dakika za bwawa badala ya idadi ya mbio. Mita 400 ihesabiwe kama mbio mbili, au hata tatu, na aliye tayari kulipa gharama hiyo aichague kwa moyo mweupe. Tuseme kila mtu ana nafasi nne na 400 inakula tatu: wewe mtoa mada unayependa mbio ndefu ungepata 400 yako na 50 moja, na anayependa fupi angepata nne. Na kabla ya kufunga orodha kwa watu 12, waandaaji wangetumia ruhusa ambayo kanuni za mastazi zinawapa: mbio za mtindo huru za kuanzia mita 400 zinaweza kuogelewa wawili kwa leni moja, mradi kila mmoja apimwe muda wake. Leni sita zinakuwa nafasi 12 kwa kundi moja. Kwa hesabu hiyo, ile "imejaa" uliyoambiwa ni kundi moja tu!

Vilevile makundi yapangwe kwa muda wa kila mtu, wa polepole pamoja na wa kasi pamoja, bila kujali umri, na ikibidi wanaume na wanawake kundi moja. Medali zitagawanywa baadaye mezani kwa rika za miaka mitano mitano. Lakini hapa waogeleaji nasi tuna lawama zetu. Mtu anaandika muda wa ndoto aliokuwa nao sekondari, anawekwa na wenye kasi, wote wanamngoja. Mwingine anajishusha makusudi ili ashinde kundi. Hakuna ratiba inayopona hapo.

Suala la aliyewahi ndiye apate linaonekana safi, ila si safi. Tangazo linaanzia kwenye makundi ya WhatsApp ya Kampala, na mtu wa Mbarara au Gulu analipata nafasi zikiwa zimekwisha. Halafu huyo ndiye anayesafiri zaidi ya kilomita 250 na kulipia chumba. Ningetenga nafasi kadhaa za watu wa mbali mpaka tarehe fulani, zisipochukuliwa zifunguliwe. Na ningehakikisha kila aliyejiandikisha ana mbio mbili kabla ya yeyote kupewa ya nne. Vijana wa chini ya miaka 25, ambao kwa kanuni za dunia bado si mastazi, nao waje, lakini wajaze nafasi zilizobaki. Wana mashindano mengine ya kutosha.

Kitu kimoja tu sikitetei kwa hali yoyote: kubadilisha kikomo baada ya kupokea pesa. Nimeshuhudia waandaaji fulani wakikata mbio za watu siku mbili kabla ya tukio bila kurudisha hata shilingi. Kikomo kitangazwe kabla usajili haujafunguliwa, na kama ada inalipwa kwa kila mbio, iliyokatwa irudishwe. Kama ada ni moja kwa wote, basi waeleze mapema kwamba unalipia siku, si mbio.

Kwa hiyo waandikie sasa, kabla hawajachapisha ratiba, uwaombe wawili kwa leni kwenye 400. Watakujibu kwamba hawana wapima muda wa kutosha, na mara nyingi ni kweli. Leni sita zenye watu wawili wawili zinataka watu 12 wenye stopuwochi, na kwa kawaida wanaojitolea hawafiki sita, wengine wakiwa wake na waume za waogeleaji waliobembelezwa asubuhi hiyohiyo. Njoo na shemeji yako, na rafiki yake. Kumfundisha mtu kupima muda ni dakika kumi, na chakula cha mchana huwa ni cha bure.